Kwa Daktari Ambaye Hakukata

Wewe uliyesimama kando ya ukuta,
glavu mikononi, kisu kwenye sinia,
dakika arobaini na moja
bila kugusa kitu:
maneno haya ni yako.

Nauza mbegu za msonobari, kwa glasi,
soko la Narantuul, mstari wa tatu.
Vidole vyangu hunata utomvu hadi Machi.
Mwanangu Anir ana mwaka na nusu.
Tangu Desemba alikuwa akikohoa,
na kila mtu Ulaanbaatar akasema: moshi.
Makaa ya mawe. Nani asiyekohoa hapa?
Hata mimi nikasema moshi.
Moshi ni mshitakiwa asiyekana.

Nergui wa picha ndiye aliyekataa.
Jina lake maana yake Bila-Jina;
wazazi walimpa ili mauti yasijue pa kumwita.
Picha ya kwanza haikuwa na neno.
Akataka nyingine, mtoto akiwa ameshatoa pumzi.
Akakisubiri kilio hadi mwisho wake,
pale kifua kinaposinyaa,
akabonyeza.
Pafu la kushoto likanywea.
La kulia likabaki limejaa,
kama mgeni aliyekwisha kuagwa
na bado ameshika kikombe.
"Hili linajua kupokea," alisema. "Halijui kurudisha."

Niliwasikia mkibishana nyuma ya mlango.
Oyunbileg wa mapafu alitaka kupita kooni.
Tsolmon wa usingizi akamjibu: koo hilo ni langu pia,
ukiliziba wewe, hewa nitaipitisha wapi?
Njia moja, upana wa penseli,
na wapangaji wawili.
Nikatetemeka. Ugomvi wa meza naujua,
sokoni watu hugombea hata kivuli cha turubai.
Kisha nikakusikia wewe:
"Nitakuwepo. Msipofika, nitafungua.
Lakini fikeni."

Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa.
Ila humo hamkuwa na cha kuvunja.
Mbegu iliyolowa miezi miwili
humeguka kwa kutazamwa tu,
na kipande kikiangukia upande wa pili
pafu zima nalo linafungwa.
Vidole vingi, basi,
vyote vikijizuia.

Khongorzul, muuguzi, ndiye aliyenisimulia,
tukinywa chai ya maziwa yenye chumvi kwenye ngazi.
Oyunbileg anaingia, anahesabu, anatoka.
Tsolmon anamjaza mtoto pumzi, anaachia zamu.
"Wako."
"Wangu."
"Wako."
Mara moja oksijeni ikashuka hadi themanini na nne,
nawe ukapiga hatua kutoka ukutani.
Hatua moja tu, alisema.
Namba ikapanda,
ukaurudisha mguu.

Mguu huo naufikiria kila usiku
kuliko mikono yote iliyofanya kazi.

Mbegu ilitoka nzima,
imeng'atwa na koleo lenye meno madogo kuliko ya panya.
Wakanipa ndani ya kichupa.
Nyeusi, imevimba, yangu.
Naitambua: daraja la pili,
zile ninazouza nafuu jioni mkono ukishaganda.

Nimemvua Anir shati mara ngapi, sijui,
nikitafuta mshono.
Kifua kizima, kama mkate ambao haujafika mezani.
Nani ataamini kwamba watu watano
walipita humo, wakapishana,
wakatoka bila kuacha mlango?

Leo amekuja mama kijana, mtoto ndani ya koti,
akitaka glasi mbili.
Mkono wangu ulikuwa umeshapima.
Nikamuuliza: huyo ana umri gani?
Akacheka: kwani siku hizi unauza kwa umri?
Nikazimimina zote mbili kwenye kinu.
"Subiri," nilimwambia.
"Za huyu natwanga."