Ukoko wa Jibini

Bwana Ueli (sisi tulimwita Weli, ulimi ukapata raha)
alishuka Malindi na nusu kontena:
chungu chekundu chenye mkono mmoja,
uma sita ndefu, kila moja na rangi yake,
na mbao mbili zilizonizidi kimo,
ncha zimepinda juu kama makubadhi ya jini.
"Za kutelezea," akasema.
Nikamjibu, hapa kinachoteleza ni matope ya masika
na ahadi za diwani.

Mbao nikazipa kazi. Zikashika kamba ya nguo,
mashuka yakapepea juu yake miaka saba.

Mapishi alinifunza mwenyewe,
mwezi wa pili, feni imekufa, jasho hadi kwenye kope.
Sugua thomu kwenye ubavu wa chungu.
Kwaruza jibini. Moto mdogo, usiache kukoroga.
Divai mimi sigusi; akakuna kichwa.
Nikakamua ndimu tatu,
jibini likakubali, likavuta nyuzi.
Kisha akatoa kitu mfukoni, akaninusisha:
kungumanga!
Nikacheka hadi nikakaa chini. Hii ya kwetu, Weli,
ya kaimati, ya uji wa mzazi.
"Hapana," akasema, "ya mama yangu."
Kesi ile hatukuiamua.

Kwao iko sheria: ukiangusha mkate chunguni
utoke pekupeku, uizunguke nyumba thelujini.
Mimi theluji naijua ya friza,
ile ya kubandua kwa mwiko samaki akigoma kutoka.
Basi tukatunga yetu:
kisima, mzunguko mmoja, saa saba mchana,
mchanga ukiwa kaango.
Mahamri ya Jumwa, ya jana, magumu, yalishika uma vizuri.
Aliyekimbia kushinda wote ni mwenye sheria,
nyayo nyekundu, akimwita Mungu kwa lugha ya milimani.

Chungu kilipokwisha, chini pakabaki duara
kavu, lililoungua kidogo pembeni.
Akalibandua kwa kisu, taratibu,
kama mtu anayefungua barua asiyoitaka ichanike.
"Hii kwetu inaitwa Bibi."
"Bibi yupi?"
"Mama wa mama."
"Kwetu ni ukoko. Na aulaye,
siku ya arusi yake mvua haimkosi."

Akanyamaza. Kisu kikakaa hewani.
"Mimi niliula sana," akasema.
"Siku yangu theluji ilifika magotini, magari yakalala.
Rosmarie alikuja kanisani kwa mbao zile."

Nikatazama nje.
Mashuka yalikuwa mabichi bado, sikuyaanua.
Alfajiri nikaenda kununua boriti mbili za mkoko.

Mbao nikazifuta kwa mafuta ya nazi.
Hakuuliza. Alizipitisha kiganja, mara moja tu,
kisha akamwita mjukuu wangu Badi,
tukaenda Mambrui, kwenye vilima vya mchanga.
Weli chini ya mwavuli, saa mkononi:
"Pinda magoti! Magoti, we!"
Badi akashuka kwa kichwa, kwa mbavu, kwa makalio,
mara ya tisa akashuka kwa miguu,
mdomo umejaa mchanga na kicheko.

Mwaka juzi wanawe walimchukua.
Magoti yamekwisha, walisema.
Chungu kimebaki kwangu, na uma tano;
ya kijani sijui nani kaificha.

Sasa nisikilizeni ya Mwanaidi, dada yake Badi.
Tangu ana miaka sita, kila Bibi ilikuwa yake,
akiigombania kwa kucha.
Disemba hii tumemwoza. Kaskazi, mbingu kavu kama sahani,
hema la kukodi, biriani la watu mia tatu.
Saa kumi ikaja. Si manyunyu: mvua yenyewe,
maji hadi kwenye sinia, hina inachuruzika,
na ukoo mzima wa bwana arusi
umenigeukia mimi.

Nikajifunga leso kichwani.
Mnanuna nini, nikawaambia.
Kwao Weli saa hizi
tungekuwa tunautafuta mlango kwa koleo.