Kilima Kilichozungukwa

Si kisiwa, alisema shangazi Sechelela
akipepeta karanga zake soko la Sabasaba.
Ni kilima. Maji ndiyo yaliyokuja.
Usikiite kisiwa kwa sauti, kitanuna.

Basi nimefika Mtera nimefunga mdomo,
vumbi la Fufu bado limeng'ang'ania kope,
na Lechipya ananivusha kwa mtumbwi wa mabati
unaovuja palepale alipoziba kwa lami.
Yeye kafi, mimi kopo la rangi, nakumba maji.
Chini yetu, anasema, kuna kisima,
kuna zizi, kuna darasa moja la udongo.
Juu ya zizi anaacha kupiga kafi.
Sikia.
Nasikia perege wakigonga bati.
Yeye anasikia kengele za ng'ombe.

Masharti ni manne:
vua viatu;
usioneshe kitu kwa kidole, chongoa midomo;
ukiitwa jina mara moja usiitike,
mtu aliye hai huita mara mbili.
La nne babu yake alilisahau,
na tangu hapo kila mgeni hulivunja bila kujua.

Nakizunguka. Dakika ishirini na tano,
pamoja na kusimama kuchomoa miiba.
Miti iliyokufa imesimama majini,
minandi wameianika mabawa yao
kama nguo zilizosahauliwa kambani.
Pangoni kuna majivu: wavuvi,
au yule mwanamke aliyekataa lori la serikali,
maji yakipanda naye akapanda,
yakapanda, akapanda,
hata pakawa hapana tena pa kupanda.
Wanasema aligeuka pimbi.
Pimbi mmoja ananikazia macho kutoka mwambani.
Mbukwa, namwambia, kwa tahadhari.
Anaingia ndani haraka,
kama mtu aliyekumbuka chungu kiko motoni.

Mwaka huu maji yamerudi nyuma upande wa kusini.
Mvua zikikosa miaka miwili, asema Lechipya,
watu huja hapa kwa miguu, na mbuzi,
na hakuna anayesimulia kitu.

Matopeni naliona: jiwe la kusagia la bibi,
lile nililotumwa. Si kulileta.
Angalia tu kama bado limelala vilevile.
Katikati limelika, bonde la kina cha vidole.
Humo maji, konokono wawili,
kipande cha mbingu ya Ugogo.
Nikapiga magoti, nikatia kiganja.
Kikaenea.

Nilimpa habari shangazi Jumamosi.
Limelala vilevile, nikasema.
Akaendelea kupepeta.
Hukuligusa, lakini?

Nikaomba karanga za mia tano.
Akapima, akasawazisha kopo kwa kiganja,
akaongeza ngumi moja juu,
wala hakuuliza tena.