Mkono Juu ya Tangi

Tulikuwa watano, pikipiki nne,
kwa sababu ya Sunniva iligoma kuwaka tangu Jumanne
na hakuna aliyeshangaa.
Akapanda nyuma yangu, akanishika kiuno
kama mtu aliyekabidhiwa gunia la viazi lisilo lake.
"Polepole kwenye kona," akasema.
Nikasema ndiyo. Sote wawili tulijua nadanganya.

Mbele alikuwa Ketil, kama kawaida.
Miaka thelathini na mmoja kwenye kinu cha mbao
msumeno ulimla masikio kidogo kidogo;
leo ukipiga honi mgongoni mwake
unaipigia milima.
Ndiyo maana tunamtanguliza:
asiyesikia lawama za walio nyuma
huendesha kwa moyo mweupe.

Kivukoni tukapangwa kati ya lori la samaki
na gari la harusi lililosahau maharusi.
Torgeir akamimina kahawa, Oddny akagawa mikate
yenye jibini la kahawia, lile tamu,
ambalo mgeni hulitazama mara mbili kabla ya kuliuma.
Ghuba ilikuwa imetulia. Hatukuiamini.

Kisha handaki. Kilomita sita tumboni mwa mlima,
baridi, matone,
taa za njano zikitupita kama shanga zilizokatika uzi.
Hapo ndipo watu wazima hurudi utotoni:
Torgeir akavuta mafuta, Oddny akamjibu,
jiwe lote likanguruma,
na kule mbele nikaona mabega ya Ketil yakicheka.
Nikajiuliza amesikia nini.

Upande wa pili, mvua.
Na kondoo kumi na saba wamelala katikati ya barabara
wakitutazama kama maofisa wa forodha.
Tukazima injini, tukasubiri wamalize kikao.

Tulifika tumelowa hadi kwenye pochi.
Bonde zima makofia mapana, mabuti yenye ncha,
mikanda yenye vichwa vya ng'ombe.
Daktari wangu wa meno kavaa kama mchunga ng'ombe,
na Oddny, mwenye ng'ombe arobaini na wawili
aliowakamua alfajiri kabla hatujaondoka,
kavaa kofia ya sufu aliyoifuma mwenyewe.

Jukwaani mwanamke mwenye koo la changarawe
aliimba vumbi, aliimba ukame,
aliimba treni iliyoondoka na mume.
Sisi tumesimama kwenye tope la kufika vifundoni,
katika bonde ambalo halijawahi kuona treni,
tukalia.
Ni lile gitaa linalopigwa likiwa limelala:
sauti yake huteleza
kama mtu anayetaka kusema jambo
akabadili nia katikati ya neno.

Saa tano usiku, jua linasitasita mlimani.
Nikageuka. Ketil hayupo.

Nilimkuta kando ya jukwaa,
kiganja amekibandika kwenye sanduku la spika,
macho kafumba.
Mlinzi, binti wa miaka ishirini hivi,
kamshika kiwiko, anapaza sauti,
anapaza zaidi.
Sunniva akawahi kabla yangu. Hakusema kitu.
Aliuchukua mkono wa yule binti
akauweka palepale, kando ya mkono wa Ketil.
Nyimbo mbili nzima zikapita.

"Mpiga besi," Ketil akatuambia baadaye,
kwa sauti kubwa mno,
"anachelewa. Nusu pigo. Tangu mwanzo."
Tukategesha masikio yetu mazima.
Kweli, alikuwa anachelewa.

Mahemani, mvua imekoma, watu wamelala,
akawasha pikipiki yake, akatuita kwa kidole.
Mikono mitano juu ya tangi moja,
chuma chenye joto kama ubavu wa mnyama.
"Hii," akasema, "ndiyo ile ya handakini."

Ndani ya hema la jirani mtu akatutukana,
matusi marefu, yaliyopangwa vizuri,
yenye ukoo wetu wote ndani.
Ketil akatuuliza kwa macho: nini?

Hatukumtafsiria.