Kifaru cha Mezani

Kipande cha kumi na nne: mnyororo wa kushoto.
Ninakibandua kwa kikata-kucha cha Kavira,
naye anaitaka meza yake, sombe imeiva.

Karatasi inasema: paka kijani.
Aliyeichora hakuwahi kusimama Katindo
siku ile kile cha kweli kilipopita
kikiitafuna lami,
vikombe vikitetemeka kabatini.
Nachota mchanga mweusi wa volkano pale mlangoni,
nautwanga, nauchanganya na rangi.
Sasa kinafanana.

“Watu wanatokea wapi?” anauliza Mumbere.
Namwonyesha kifuniko, sawa na punje ya hindi.
Anakijaribu kwa ukucha. Gundi bado mbichi.
Nakiacha wazi.

Mzinga nimeutafuta sanduku zima,
chini ya kiti, mfukoni.
Kavira anakorogea chai.