Nyumba ya Meno

Tiketi, forinti elfu mbili na mia nne.
Piroska wa mlangoni anaichana kwa vidole vya plasta,
ananivisha makubazi ya kitambaa juu ya viatu,
na mimi, mwanamke wa miaka hamsini na sita,
nateleza kwenye sakafu ya marehemu Daktari Vadas.

Miaka thelathini aling'oa meno humu.
Wachoraji wa Szeged hawakuwa na pesa, walikuwa na mashimo.
"Lete picha," aliwaambia. "Ukuta wangu una mapengo kukushinda."
Wakaja, shavu limevimba, turubai kwapani,
wakatoka wakitema mate mekundu juu ya theluji.

Mali bila daftari hupotea bila habari:
chini ya kila picha kuna kadi, mwandiko wake, wino wa zambarau.
Mto Tisza umefurika: gego la juu, kushoto.
Pilipili zimeanikwa ukutani: chonge mbili.
Bata asiye na kichwa: ufizi, mara tatu, "mlalamishi."
Basi. Hakuna neno juu ya rangi wala nuru.

Wageni wa Vienna wanacheka. Nami nacheka,
huku ulimi wangu unakwenda wenyewe kukagua nyuma kule.
Mjini wapo wanaomwita mfadhili.
Wapo wanaokaza taya.

Ghorofani, kando ya kiti chenyewe cha chuma,
yupo.
Bibi yangu, na bilauri, midomo imefungwa,
shavu moja limezidi jingine kwa upana wa unywele wa brashi.
Kadi: Ödön Kaszás, Februari 1951. Si lake. La mke.

Nyumbani kwetu ulibaki msumari.
Bibi alikataza kutundika hata kofia.
Tulipouliza palikuwa na nini, aligonga jino lake la dhahabu kwa ukucha,
ti, ti,
akarudi kumenya viazi.
Alizikwa nalo.

Sasa sijui nani alimpunja nani.
Namuuliza Piroska kama ipo kadi ya posta ya picha hii.
Ipo ya bata, anasema. Bata ananunuliwa sana.

Saa kumi na moja kasoro anaanza kuzima taa, chumba baada ya chumba.
Bado nimesimama mbele ya bibi,
midomo nimeifunga kama yeye,
nasikiliza bomba dogo la kile kiti
likidondoka ndani ya beseni la kutemea.