Dakika Tatu

Hii ni tabo ya tatu tangu Maulidi.
Tajiri Hiza kaileta ndani ya mfuko wa saruji,
akaibwaga mezani: "Nipe nyingine.
Hizi mnazouza siku hizi ni makopo."

Simjibu. Natia kidole puani
(pua ya tabo, si ya tajiri),
naushika mhimili, nautikisa.
Unacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.
Mapanga yametafuna ukuta wa nyumba yao,
na huku upande wa moshi oili imeganda,
nyeusi, inabanduka
kama ukoko wa sufuria ya hitima.

Haya hayakuanzia dukani, Tajiri.
Kitu hiki kinazunguka mara laki kwa dakika
kikielea juu ya utando wa oili
mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu.
Lori linapanda kutoka machimbo ya Pongwe,
tani thelathini za mawe ya chokaa,
tabo imeiva nyekundu
kama jiko la muuza kahawa, Barabara ya Kumi na Tatu.
Dereva anafika mizani, anazima. Papo hapo.
Oili imesimama.
Tabo bado inazunguka, kavu, gizani,
kama mchezaji aliyenyamazishiwa ngoma
mguu ukiwa juu.

"Mbona unazima haraka?"
Sempombe anatazama kandambili zake.
Sote tunalijua geti la Tajiri, rangi nyekundu, herufi kubwa:
ZIMA INJINI. DIZELI SI MAJI.

Nimefungua na lile bomba jembamba la oili.
Nimepuliza, pumzi ikanirudia mdomoni.
Ukifunga tabo mpya kwenye koo hili
utarudi na mfuko wako kabla ya Idi.
Na filta ya hewa, usiigonge kwenye tairi ukasema safi.
Vumbi la chokaa ni msasa.

Baba aliendesha Skania la pua,
marobota ya katani, Ngomeni hadi bandarini.
Jioni aliliegesha nje kwetu, Makorora,
asishuke.
Injini inanguruma chini chini, mikono juu ya usukani,
macho hayapo popote.
Mimi nje, peku, nangoja mlango ufunguke,
nawaza: leo hatutaki.
Mama kutoka uani, juu ya kelele za mafuta ya kukaangia:
"Mwacheni, anaagana na mke mwenzangu!"
Majirani walicheka. Mimi nilihesabu.
Vidole vikiisha naanza upya,
kila jioni nafika palepale, mia na themanini,
ndipo kimya, ndipo mlango.

Hakuna aliyenieleza.
Nilikuja kuyajua kwenye meza hii,
mwanamke pekee katika gereji za Kange,
mhimili uliokatika umo kiganjani.
Niliweka spana chini, nikaenda kunawa uso.

Shamba lilipouzwa walimwita Ijumaa mchana.
Akakabidhi funguo, akatia dole gumba, basi.
Miaka thelathini na moja ya kupanda na kushuka,
akazimwa palepale, angali wa moto.
Mwezi haujaandama, mkono wa kulia ukagoma.
Bombo walisema presha.
Sibishani na daktari.

Nimefunga tabo ya nne. Bomba jipya, oili mpya.
Kwanza nimeinywesha kwa mkono, kijiko kwa kijiko,
nikiizungusha kwa kidole isiamke na kiu.
Sempombe akawasha.
Hakuna moshi wa bluu. Mluzi mwembamba, safi.
Tajiri akapunga mkono: zima, tumeshasikia.

Sempombe akashika ufunguo,
akanitazama.
"Bado," nikamwambia.
Tajiri akaangalia saa yake, akasonya.
Midomo ya Sempombe ilikuwa inacheza polepole,
arobaini na moja, arobaini na mbili.