Oromiga Amepoteza Kiatu

Sista Remedios alipoondoka Nyalenda
aliacha masufuria sita ya uji,
kengele isiyo na ulimi,
na wimbo mmoja kinywani mwa mama yangu
aliyekuwa akiyasugua hayo masufuria.

Mama hakujua Kihispania.
Alijua jivu, mvuke,
na kwamba mtoto anayemlilia mamake saa nne asubuhi
hanyamazishwi na uji peke yake.
Akaudaka wimbo kwa sikio
kama unavyomdaka kuku aliyeingia jikoni:
huulizi ni wa nani, unashika bawa.

     Oromiga, Oromiga,
     donda tatu, sapato!
     Debaho, debaho,
     debaho dela meza.

Tukakua nao. Hakuna aliyetufafanulia,
tukajifafanulia:
Oromiga alikuwa mtu wa Seme,
mrefu, mpenda harusi,
ana madonda matatu mguuni
(mwalimu angetuchapa kwa hiyo donda tatu),
ndiyo maana kiatu hakimwingii,
ndiyo maana yuko mezani tu
wenzake wakicheza.
Usiku mmoja kaka yangu Ochola alilia hasa.
Nani, aliuliza, nani anamfunga bendeji?

Miaka arobaini.
Jana mjukuu wangu Hawi kainamia simu,
katuni zinaruka, ngoma ya kompyuta,
sauti za watoto wa mbali huko,
wimbo mwingine kabisa,
mara akapiga kelele:
Dana! Oromiga yumo humu!

Nikavaa miwani. Nikatafuta neno kwa neno.
Oromiga ni chungu.
Si chungu cha kupikia, si uchungu wa dawa,
mdudu, yule wa kwenye sukari.
Na donda si donda. Anaulizwa tu:
kiko wapi kiatu chako?
Chini, kiko chini ya meza.
Meza ni meza. Na sapato,
mwalimu wetu wa kutoka Lamu alivaa sapatu
akiziita hivyo hivyo,
zikiburura sakafuni, shwa, shwa,
nasi tukimcheka nyuma ya madaftari,
tusijue tunamcheka Oromiga.

Nikaenda kumwambia Mama.
Siku hizi ananiita Dorsila, jina la dadake marehemu,
nami huitika.
Nikamweleza polepole: hakuwa mtu wa Seme.
Hakuwa na donda hata moja.
Akanitazama kama mtu anayemsingizia jirani.
Lakini kiatu, akasema, amekipata?

Sikuwa na jibu. Wimbo unaishia mezani.
Nikapiga magoti, nikapenyeza mkono
chini ya meza yake,
penye makombo, betri ya redio,
chungu wawili watatu kwenye foleni yao,
nikagusa ndara yake ya kushoto
tuliyoitafuta tangu Jumapili.